Kuacha na Kunyimwa

Kujenga ni kuchagua. Kabla jiwe la kwanza halijawekwa juu ya jiwe la pili, mjenzi huwa amekwisha kuamua mambo mengi: jua litaingia wapi na upepo utatokea wapi, mgeni atakaa upande gani na mwenyeji atalala upande gani, ataweka nini na ataacha nini. Watu wengi wakiitazama nyumba hutazama kilichowekwa. Husifu nguzo, husifu mlango, husifu rangi ya kuta. Wachache huuliza ni kitu gani ambacho kingaliweza kuwekwa kikaachwa, na kiliachwa kwa sababu gani. Swali hilo la wachache ndilo swali la insha hii. Nakuomba, msomaji, ulifikiri pamoja nami, maana ijapokuwa laanza katika nyumba, haliishii katika nyumba.

Katika karne ya 20 lilienea fundisho miongoni mwa wasanifu wa majengo ambalo twaweza kuliita fundisho la uchache. Wafuasi wake husema kwamba jengo jema ni lile lililovuliwa kila kitu kisichohitajiwa, likabaki na umbo, nafasi na nuru. Mmoja wa waliolitangaza mapema alikuwa Adolf Loos, msanifu wa mji wa Vienna katika nchi ya Austria. Katika hotuba yake mashuhuri ya mwaka 1910 alidai kwamba nakshi na mapambo ni jambo la kulaumiwa mithili ya hatia. Alikuwa na sababu nyingi, lakini mbili zatutosha. Sababu ya kwanza ni nzuri. Alisema kwamba fundi achongaye mapambo hutumia saa nyingi na hupata ujira mdogo. Tena kitu kilichopambwa huchosha macho na kutupwa kabla hakijachakaa, kwa hiyo kazi ya mtu, mali yake na afya yake hupotea bure. Sababu ya pili ni mbaya. Alisema kwamba pambo lawafaa watu wa Papua na wahalifu wachanjao miili yao, lakini halimfai mtu aliyestaarabika. Hapo aliacha kupima majengo akaanza kupima watu, na mizani yake ilikuwa ya dharau. Neno la kweli na neno la dharau huweza kutoka katika kinywa kimoja. Kazi ya msomaji ni kupepeta mchele na pumba, asitupe vyote wala asile vyote.

Baada ya Loos walitokea wengine. Aliyesifika kuliko wengi ni Ludwig Mies van der Rohe, Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka 1938, ambaye alipenda kusema kwamba kichache ndicho kingi. Kauli hiyo ni fupi, yapendeza sikioni, na hurudiwa na vijana wengi wasomao usanifu duniani. Hata mimi niliipenda.

Siku moja nililieleza fundisho hili darasani, nikalisifu. Niliwaonyesha wanafunzi picha ya chumba chenye ukuta mweupe, meza moja na kiti kimoja, nikasema kwamba huo ndio uzuri wa mtu aliyejua kutosheka. Mwanafunzi mmoja aliinua mkono, akasimama, akasema kwa adabu: “Mwalimu, kwetu tuna chumba kimoja. Tuna viti viwili, na sisi tu watu saba. Je, sisi nasi tumetosheka?”

Darasa halikucheka. Nilitafuta jibu nisilione. Nikasema kwamba tutalizungumza siku nyingine, kengele ikalia, nami nikashukuru kwa mlio wake. Ni aibu kwa mwalimu kuokolewa na kengele. Insha hii ni jibu lililochelewa.

Kuacha na kunyimwa hufanana kwa sura, kama vile kufunga na kulala na njaa kunavyofanana kwa sura. Mwenye kufunga na mwenye kukosa chakula wote matumbo yao ni matupu. Lakini mmoja anajua kwamba jua likichwa atakula, na mwingine hajui atakula lini. Mmoja ameuambia mwili wake ungoje; mwingine ameambiwa na dunia angoje. Ukiwapiga picha wawili hawa wamekaa kwenye jamvi moja hutaiona tofauti yao, kwa kuwa tofauti haiko katika tumbo bali iko katika hiari. Ndivyo ilivyo kwa vyumba. Chumba cheupe cha tajiri kina kiti kimoja, na viti kumi vyamngoja dukani siku atakapobadili nia. Chumba cha maskini kina viti viwili, na mtu wa tatu hukaa sakafuni. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: uchache haupimwi kwa macho peke yake. Yafaa tuulize ni nani aliyeacha, na alichokiacha kilikuwa cha nani.

Tuulize swali hilo katika nyumba mashuhuri. Mwaka 1945 Edith Farnsworth, daktari wa mji wa Chicago, alikubaliana na Mies van der Rohe amjengee nyumba ya mapumziko kando ya Mto Fox, karibu na mji wa Plano katika jimbo la Illinois. Nyumba ilikamilika mwaka 1951. Ni chumba kimoja kirefu kilichozungushwa vioo pande zote nne. Sakafu yake na paa lake vimeshikwa na nguzo nane za chuma zilizopakwa rangi nyeupe, na sakafu imeinuliwa yapata mita 1.6 juu ya ardhi kwa kuyaogopa mafuriko. Ukiitazama kwa mbali yaonekana kana kwamba yaelea juu ya majani. Wajuzi huihesabu miongoni mwa nyumba nzuri sana za karne ile, na juu ya uzuri wa umbo lake sina ugomvi nao.

Lakini alikuwako mtu aliyepaswa kulala ndani yake. Wakati wa hari, jua lilipenya vioo likaifanya nyumba kuwa tanuri. Wakati wa baridi, vioo vilitokwa na jasho. Usiku, taa ilipowashwa iliwaita wadudu wote wa mtoni. Mwenye nyumba alilalamika kwamba hakuweza hata kuweka ndoo ya takataka chini ya sinki, kwa sababu jiko lote lilionekana kutoka njiani na ndoo ile ingaliharibu sura ya nyumba nzima. Gharama nazo zilizidi makisio, hata msanifu na mwenye nyumba wakafikishana mahakamani. Mwaka 1954 mto ulifurika, na maji yakaingia ndani licha ya nguzo zile. Kwa haki ni lazima tuseme pia kwamba bibi huyo hakuikimbia nyumba yake. Aliendelea kuitumia kwa miaka ipatayo 20. Huenda aliipenda na kuichukia kwa pamoja, kwani moyo wa binadamu waweza hayo.

Tatizo la nyumba ile halikuwa uchache. Tatizo lilikuwa kwamba aliyeacha hakuwa mwenye kuachishwa. Msanifu aliacha ukuta, lakini faragha iliyokwenda pamoja na ukuta haikuwa yake. Aliacha kivuli, lakini aliyetokwa na jasho hakuwa yeye. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni rahisi mno kumpunguzia mwenzio kitu, kisha ukasifiwa kwa kuwa na kiasi.

Sasa tutazame jengo jingine la uchache, katika nchi ya Japani. Tadao Ando alizaliwa Osaka mwaka 1941. Hakusomea usanifu katika chuo; alikuwa mwanamasumbwi kwa muda, kisha akajifunza kazi ya majengo kwa kusoma vitabu peke yake na kusafiri ili ayaone majengo ya watu. Katika mji wa Ibaraki, karibu na Osaka, alijenga kanisa dogo lililokamilika mwaka 1989. Fedha zilikuwa haba. Kuta zake ni zege tupu lisilopakwa rangi. Sakafu yake na viti vyake vilifanywa kwa mbao za bei ndogo, zile ambazo waashi huzikanyaga wakiwa juu kazini. Ndani hamna picha, hamna nakshi, hamna dhahabu. Lakini katika ukuta unaowaelekea waumini msanifu alikata mianya miwili, mmoja wima na mmoja wa kulala, ikapishana kwa mfano wa msalaba. Humo ndani mna giza, na nuru ya nje hupenya katika mianya hiyo. Msalaba ule haukuchongwa wala haukununuliwa. Ulifanywa kwa kuacha zege mahali panapostahili.

Ando alitaka mianya ile ibaki wazi, bila kioo, ili upepo nao uingie pamoja na nuru. Waumini walihofia baridi, na vioo vikatiwa. Msanifu hakufurahi. Miaka mingi baadaye bado alisema kwamba angependa kuviondoa. Mwaka 2017, katika maonyesho ya kazi zake mjini Tokyo, alijenga mfano wa kanisa lile kwa ukubwa wake kamili, na humo mianya haikutiwa kioo. Naona hekima katika habari hii. Katika maonyesho, ambamo hapana bibi kizee aliyekuja kusali asubuhi ya baridi, msanifu alifuata nia yake mpaka mwisho. Katika kanisa, ambamo bibi kizee huyo yumo, nia yake ilisimama mlangoni ikampisha. Na je, kanisa lilipoteza uzuri kwa ajili ya vioo vile? Watu waendao kulitazama hawasemi hivyo. Nuru ingali yapita.

Hapa twalifikia jambo la pili, nalo ni ilhamu. Vijana huniuliza: Wazo jipya hutoka wapi? Wengi hudhani kwamba ilhamu ni kama mvua, humnyeshea aliyependwa na mbingu na humpita mwingine. Wengine hudhani kwamba hutoka katika wingi: laiti ningekuwa na fedha zaidi, nafasi zaidi, vifaa zaidi, ningefanya maajabu. Ando angekuwa na fedha nyingi huenda angenunua msalaba. Aghalabu ilhamu huzaliwa pale uhaba unapokutana na mtu asiyekubali kwamba uhaba ndio mwisho wa maneno.

Hatuna haja ya kwenda Japani ili tulione hilo. Nenda Lamu, katika mji wa kale, ukaingie katika nyumba ya mawe ya karne ya 18. Utaona kwamba vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Upana wake ni kama mita 2.5 hadi 3. Kwa nini? Kwa sababu dari ya matumbawe na chokaa hubebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake, haikubali kunyoshwa ili kumridhisha tajiri. Mti ulimpa fundi mpaka. Fundi angeweza kunung’unika, lakini alifikiri. Alivipanga vyumba kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa na faragha kuliko kilichotangulia, vikapokea nuru kutoka katika ua ulio katikati. Na katika ukuta wa ndani kabisa alichonga zidaka, safu juu ya safu, ili vyombo vya kaure vikae humo. Na ukuta uliokuwa karibu ukaonekana kuwa na kina.

Itazame nyumba hiyo kwa upande wa nje: ukuta wake ni mtupu, madirisha ni machache. Uzuri wake mwingi umewekewa wakaao ndani, wala haukutandazwa njiani ili kumtia jirani wivu. Ndipo waliponena wazee kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hili nalo ni jibu kwa Loos. Fundi wa zidaka hakuwa mshenzi aliyeshindwa kuacha. Aliacha nje, akaweka ndani. Alijua mahali pa kunyamaza na mahali pa kusema. Pambo si hatia likiwa mahali pake, na utupu si fadhila ukiwa si mahali pake. Lakini tusizisifu nyumba hizo kwa kufumba jicho moja. Zilikuwa za waungwana, na waungwana wa zama zile walitumikiwa na watumwa. Aliyeacha pambo la nje alikuwa mwenye nyumba. Aliyenyimwa uhuru alikuwa mwingine. Swali letu la kwanza, ni nani aliyeacha na kilikuwa cha nani, twaliuliza hata mbele ya uzuri tunaoupenda na ulio wetu.

Mfano wangu wa mwisho ni wa mwanafunzi, nami naupenda kwa sababu hiyo. Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchi ya Burkina Faso. Kijijini hapakuwa na shule. Alipokuwa na umri wa miaka saba alipelekwa kusoma katika mji wa Tenkodogo, na darasa lake lilikuwa limejaa watoto, lina giza, na joto lake lilikuwa kali. Alipokua alipata nafasi ya kwenda Ujerumani kujifunza useremala, na baadaye akasomea usanifu wa majengo mjini Berlin. Angali mwanafunzi, alianza kukusanya fedha pamoja na rafiki zake ili ajenge shule kijijini kwao. Shule ya msingi ya Gando ilikamilika mwaka 2001.

Watu wa kijiji walistaajabu waliposikia kwamba mwana wao aliyesoma Ulaya ataka kujenga kwa udongo. Walijua wenyewe kwamba udongo huanguka mvua inyeshapo. Walitazamia zege na vioo. Naye hakuwadharau wala hakuwalazimisha. Alieleza, akaonyesha, akajaribu mbele ya macho yao. Udongo ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kuwa matofali magumu. Juu ya madarasa pakajengwa dari ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa, na mabati yakainuliwa mbali juu ya dari hiyo kwa nondo za kawaida, ili hewa ya moto ipande na kutoka, na upepo upite katikati. Wanaume, wanawake na watoto wa kijiji walishiriki kazi. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni tuzo kubwa ya wasanifu wa dunia, akawa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Angalia aliacha nini na hakuacha nini. Aliacha mitambo ya kupoza hewa, lakini hakuacha ubaridi. Aliacha vioo, lakini hakuacha nuru. Aliacha zege jingi lililo ghali, lakini hakuacha uimara. Kila alichokiacha kilikuwa gharama. Kila alichokibakiza kilikuwa haki ya mtoto atakayeketi mle. Na ilhamu yake ilitoka wapi? Nadhani sehemu kubwa ilitoka katika darasa lile la Tenkodogo. Alikuwa amekilalia kitanda, akawajua kunguni wake.

Basi sasa naweza kumjibu mwanafunzi wangu. La, hamjatosheka, mmenyimwa. Mwalimu wako alikosa alipoyachanganya hayo mawili, naye aomba radhi. Viti viwili kwa watu saba si fundisho la urembo, ni upungufu unaostahili kuondolewa, na mtu akikuambia kwamba upungufu wako ni mzuri, mwulize kama yu tayari kubadilishana nawe chumba. Lakini usiondoke kabla hujasikia neno la pili. Katika chumba kile umejifunza mambo ambayo wasanifu wengi hawakuyajifunza chuoni. Wajua jinsi mikeka ikunjwapo asubuhi, chumba cha kulala kikawa sebule. Wajua jinsi pazia moja liwezavyo kumpa dada faragha ya kuvaa. Wajua mahali pa kuweka taa ili mmoja asome na mwingine alale. Hiyo ni elimu, nayo ilinunuliwa kwa bei ya taabu. Usiione haya. Ukijaliwa siku moja kushika kalamu na kuchora nyumba ya mtu, itumie.

Nawe, msomaji, huenda hutakuwa msanifu wa majengo. Hata hivyo utajenga. Atungaye insha hujenga, na hupaswa kuacha maneno yanayomsifu mwandishi ili yabaki yanayomsaidia msomaji. Mzazi hujenga, hakimu hujenga, mtawala hujenga. Kila mmoja wao atafika mahali pa kuamua kitu gani kipunguzwe. Akifika hapo na akanze na vyake. Apunguze fahari yake kabla hajapunguza mkate wa mwenziwe. Apunguze nafasi ya gari lake kabla hajapunguza nafasi ya dawati la mtoto. Mtu akiacha kilicho chake kwa hiari, huitwa mwenye kiasi. Akiacha kilicho cha mwingine bila ridhaa yake, hata akikiacha kwa ustadi mkubwa, jina lake ni jingine.

Uchache ni mzuri pale unapompisha mtu apite. Ukimzuia mlangoni, au ukimwacha jua kali limchome, haukuwa uchache, bali ulikuwa uchoyo uliopakwa chokaa nyeupe. Kabla hujakisifu chumba kitupu, uliza kiti cha saba kiko wapi.